Ngazi ya nyumba ya Mjerumani

Joha weee! Anyesi kamkomesha mzee Ludovick, baba mwenye nyumba wake!

Si unajua ile nyumba anayopanga, ya enzi za Mjerumani, inalindwa na serikali, haruhusiwi kuibomoa? Kumbe anapanda mwenyewe kung'oa vigae ili mvua iiangushe! Anyesi alipolalamika kitanda kinalowa, mzee akamjibu, "Kinga beseni."

Kinga beseni, Joha! Anyesi akawa anamvizia tu.

Leo mzee kapanda tena. Anyesi akaondoa ngazi, akampigia simu afisa wa mambo ya kale. Afisa akamkuta mzee juu ya paa, kigae mkononi!

Mara mvua hiyo. Mzee analia, "Anyesi mwanangu, ngazi!"

Anyesi akamwinulia beseni. "Shikamoo baba. Kinga."