Hakuna Kilio, Ni Dawa Ilitoa Nywele

Bukavu, Nguba, kwa Tantine

Mama yangu mupenzi,

Umeamuka je? Magoti inakuacha kidogo? Na Ansima wangu, sasa anakunywa uji bila kulilia kunyonya? Huku niko hai, Mama, lakini niko wa kufungwa mu nyumba.

Kwanza muache kulia. Baba ya Ansima hakufa. Iko Shabunda anachimba zahabu, jana tu alinipigia simu kuuliza kama ninakula. Kwetu Idjwi rezo ya simu inakatika, ndiyo maana ninaandika.

Ile kilio ni mimi niliianzisha bila kujua. Sindano za uvimbe zilikuwa zinaangusha nywele mpaka mu sahani, Tantine akachukua wembe akanyoa yote. Kesho yake nikashuka ku port kutafuta mutu wa kukuletea nguo za Ansima. Nikakuta jirani yetu muuza sambaza, akafungua kitunga chake. Tangu sindano ya tatu, harufu ya samaki inanigeuza tumbo, mimi mutoto wa Idjwi. Nikafunga kinywa na mukono, nikakimbia. Yeye aliona kichwa cha kunyolewa kama cha mujane, na mutu anakimbia. Akajijibu mwenyewe: bwana yake amekufa. Akawaletea hiyo habari Idjwi.

Leo asubuhi mudogo wangu Pacifique amefika na tikiti yangu ya boti. Nilipomueleza, alicheka mpaka akakaa chini.

“Yaya, shemeji tumekwisha kula mbuzi ya matanga yake. Akirudi atakuta mifupa.”

Kisha akaona kucha zangu zimekuwa nyeusi, akasimama, akanishika mukono.

“Twende tu, Yaya. Dawa gani inakula mutu hivi? Mama alisema nisirudi bila wewe.”

Mama, nilipanga nguo mu sakoshi, siwezi kukudanganya. Kinywa iko chungu kama ninanyonya musumari. Vidole vya miguu vinawaka. Ku ngazi za hapa ninapumuzika mara tatu. Dokta alikataza soko na kanisa, juu damu yangu imekosa nguvu ya kupigana na magonjwa. Ninashinda kama kuku chini ya kitunga. Ninaogopa Ansima ataniita tantine, si mama.

Lakini nikashika pale uvimbe iko. Mbele ilikuwa kama ndimu. Sasa ninaitafuta na kidole. Sindano ine zimepita, mbili zimebaki, na enfirmiye anayenidunga aliniambia, “Maman Ansima, ukikatisha hapa, itaota tena, na hii dawa inaweza kushindwa nayo.”

Nikatoa nguo mu sakoshi.

Unisalimie Papa Mukubwa anayeongoza sala, na mama mukwe wangu, umuambie mutoto wake iko muzima. Muuza sambaza naye umusalimie, sina kasirani.

Pacifique atashuka ku boti peke yake. Mukimuona hivyo, musipige tena kelele ya kilio. Mumuache asome hii barua kwanza. Nimebaki kwa sababu ninataka kurudi.

Binti yako,
Maman Ansima