Nilisoma "Priceless", Bitutu Akatolewa Hospitali

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana nimemharibia msichana wa watu na hakuna ajuaye ila mimi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili karibu na Kebirigo, na barua zote za Kiingereza hapa kijijini huletwa kwangu, basi Sabato moja tulipotoka kanisani Mzee Ombui akanipa barua ya matroni mzungu wa hospitali ambako binti yake Bitutu anajifunza uuguzi, akaniambia, "Soma kwa sauti, mwanangu, wote wasikie," nami nikasimama mbele ya watu nikakuta "Bitutu is priceless", na kwa kuwa nilifundishwa kwamba "less" mwishoni mwa neno ni kukosa, na "price" ni bei, nikasema Bitutu hana thamani, kisha "fearless" nikasema hamwogopi mtu, na "tireless" nikadhani ni habari za mipira ya baiskeli, nikairuka. Mzee alikunja barua, na kesho yake akapanda basi kwenda kumtoa.

Sasa ni wiki ya pili Bitutu anavuna wimbi na mama yake, na juzi alinikuta njiani akaniuliza, "Mwalimu, baba anasema matroni ameandika sifai. Kweli aliandika hivyo?" nikamjibu nina haraka, na Jumatatu shule yetu ikaletewa kamusi, nikalitafuta lile neno, nikaona ni kitu cha thamani kubwa mno, mshauri, na nasikia mwezi ukiisha nafasi yake atapewa mwingine. Nikisema, nani ataniletea barua tena? Nikinyamaza, msichana atabaki shambani. Nifanyeje?

Makori, Kebirigo

Makori, nilikujibu kwa posta siku ile ile, kwa kuwa gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi na nafasi ya Bitutu isingengoja. Kwa ruhusa yako nachapa hapa niliyokuandikia.

Ulikosea mara mbili. La kwanza nakusamehe: hukujua maana, na hilo humpata kila anayejifunza lugha ya wengine. La pili sikusamehe: msichana alikuuliza uso kwa uso, ukamkimbia! Mwalimu mzima! "Less" huondoa, kweli, lakini tazama linaondoa nini. Likiondoa faida, kama katika "useless", ni lawama. Likiondoa hofu au uchovu, ni sifa. "Fearless" ni jasiri, "tireless" ni asiyechoka. Na "priceless" huondoa bei kwa sababu hakuna bei inayotosha. Basi chukua kamusi, nenda kwa Mzee Ombui leo, kabla hujala. Usimtume mtu. Kisha mwandikie matroni kwamba kosa ni lako peke yako, na Sabato ijayo isome barua ile upya, mbele ya watu wale wale.

Wiki jana nimepata barua yako ya pili. Unasema Mzee alikusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yaani mzungu alisema mtoto wangu hanunuliki?" ukamjibu kama mwana kwa baba, "Ndiyo, tata, ndivyo alivyosema," naye akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akakukemea kama mwanawe. Vizuri, ulistahili yote mawili. Matroni amempokea Bitutu, na nimefurahi sana. Lakini Bitutu hakucheka. Alifunga mzigo wake, akakuambia, "Siku ile njiani ungesema tu, mwalimu." Hayo maneno yasikuudhi. Mwandikie, umwombe radhi kwa Kiswahili, kwa maneno unayoyajua vizuri.

Unashangaa kwamba watu bado wanakuletea barua, tena wengi kuliko zamani. Mimi sishangai: wamekuona ukisahihisha kosa lako hadharani. Zipokee. Na ukikuta neno usilolijua, sema, "Hili silijui, nipeni mpaka kesho," hata kama kanisa zima linakutazama.