Jicho Lisilomaliza Betri

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Festo kaniambia umeanza tena kutembea hadi kanisani. Nimefurahi, ila nakujua, ukipata nafuu kidogo tu unabeba ndoo. Mwachie yeye. Mimi huku Uholanzi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Uliniuliza kwenye simu, "Wenzangu wa jumuiya wanataka kujua unafanya nini huko, mie niwajibu nini?" Waambie natengeneza jicho la kamera, kipande kidogo kuliko ukucha wako. Mwanga ukiingia, jicho linatoa umeme hafifu mno, hivyo lazima kuwe na amplifaya ya kuukuza, kama ile anayoisimamia Festo kanisani hapo Gongo la Mboto. Ya zamani ilikuwa inakuza kwa nguvu ileile kutwa, jua liwake au giza liingie, na betri inakwisha upesi. Yangu inapima kwanza. Gizani inaongeza, juani inapunguza na kula umeme kidogo.

Tatizo, picha zilitoka na michirizi. Bosi wangu, mama mmoja asiyecheka ovyo, akasema mchoro wa jicho unakwenda kiwandani Ijumaa, na michirizi isipoisha itakwenda amplifaya ya zamani. Kazi yangu ya miaka miwili, Mama. Nililia chooni, sikufichi.

Kisha nikamkumbuka Festo siku niliyotaka kuongeza sauti kwaya ikiimba. "Sista, usiguse hiyo kitu katikati ya ubeti, bwana. Ngoja wamalize." Kumbe mimi nilikuwa nabadilisha nguvu picha ikiwa nusu. Nikaipanga amplifaya isubiri picha iishe ndipo ibadilike, na michirizi ikatoweka. Bosi aliikagua picha, akasema, "Inakwenda yako." Najivuna, na wala sioni haya.

Festo mpe salamu, ila asivimbe kichwa. Nisalimie shangazi wa Temeke, na baba mkubwa akipiga simu kutoka Mbinga.

Jambo moja zaidi. Huku mchoraji huruhusiwa kuandika neno pembeni mwa kipande chake, kwa herufi zisizosomeka bila hadubini. Wenzangu walidhani nitaandika jina langu. Tangu nizaliwe watu wanakuita Mama Neema. Hata kwenye msiba wa baba walikutangaza hivyo. Mimi nimeandika lako, Skolastika.

Mwanao,
Neema