Mke wa Mchungaji Aliposimama Mlangoni

Bwaise, Kampala

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Mama huko Uvira. Kifua chake kimepoa? Nawe, miguu bado inakufikisha kanisani? Najua redio imewatisha, mkadhani mtoto wenu amekwisha. Nipo, na cherehani yangu ipo. Mizinga ilipolia nililala chini ya meza ya kukatia vitambaa, nikaomba mpaka maneno yakaniishia.

Baba, serikali ya wanajeshi imeanguka. Aliyetutawala kwa hofu miaka yote hii amekimbia. Watu walicheza barabarani na matawi mikononi, nami nilicheza. Lakini kesho yake furaha iligeuka. Watu walianza kuwasaka askari wa zamani, na walipowakosa wakawasaka wake zao.

Unamkumbuka Mama Eseza, mke wa mchungaji wetu, niliyekuandikia habari zake? Mumewe alikamatwa na askari mara tu baada ya ibada, wakamtia ndani ya buti ya gari, na hata maiti yake hatukupewa. Tangu hapo kanisa letu halina kiongozi. Jirani yake ni Zaituni, Mwislamu kutoka Arua, na mume wa Zaituni alikuwa koplo katika jeshi hilohilo. Wanawake hao wawili walikuwa hawasalimiani tena. Zaituni alikuwa akipita mlangoni pake ameinamisha kichwa.

Asubuhi hiyo ya msako nilikuwa kwa Mama Eseza, nikimpima gomesi, lile gauni refu la Waganda, ninayomshonea. Zaituni akaingia bila kubisha hodi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono. Mumewe alikuwa ametorokea kaskazini akawaacha. Mama Eseza alimtazama, nami sikuweza kuusoma uso wake. Kisha akamwonyesha chumba cha ndani, kile ambamo marehemu mumewe alikuwa akiandaa mahubiri.

Kundi likafika na mapanga na marungu. Nilitaka kusema nao, nikajizuia. Hapa Kiswahili ni lugha ya askari, na mgeni kama mimi kutoka Zaire akifungua kinywa huhesabiwa mmoja wao. Mama Eseza akaenda mlangoni peke yake. Walimwambia amtoe yule mwanamke. Hakukana kwamba yumo. Aliwauliza kwa Kiganda, taratibu, kama anavyowauliza watoto wa shule ya Jumapili:

"Nani kati yenu ameumizwa na askari kuliko mimi?"

Wote walijua habari za mumewe.

"Basi kisasi cha kwanza ni changu, nami nimeshamwachia Mungu. Anayetaka kumtangulia Mungu, apite."

Baba, tangu utoto umetusomea habari za bahari iliyogawanyika. Sikudhani nitasimama karibu na jambo kama hilo. Mwanamume wa mbele, mwuza nyama wa soko la Kalerwe, alishusha panga lake. Akasema, "Tusamehe, mama," wakaondoka kimyakimya. Hapo ndipo Mama Eseza alipokaa chini palepale kizingitini, akaniomba maji.

Jumapili wazee walimwomba aongoze sala. Alimwombea rais mpya, ambaye jina lake midomo yetu bado haijalizoea. Akamwombea yule aliyekimbia. Kisha akamwombea mume wa Zaituni, akimtaja kwa jina. Bibi mmoja kipofu akaitikia amina kutoka nyuma, nasi tukafuata, wengine kwa kilio. Nilijua hatukuwa peke yetu mle ndani.

Zaituni na wanawe watakaa kwa Mama Eseza mpaka njia ya Arua itulie. Wanapika chungu kimoja. Watu wananong'ona kwamba hata huyu rais mpya huenda asidumu. Huenda. Mimi nashona, naomba, na usiku nalala usingizi.

Mpe Mama mkono wangu. Msalimie kaka Byamungu, fundi seremala wetu, na shangazi anayeongoza kwaya. Mdogo wetu wa mwisho mwambie asome kwa bidii. Nanyi mkisali, mtajeni Mama Eseza.

Mikononi mwa Yule asiyepinduliwa,

binti yako,
Furaha