Baba, Talib Amepanda Ngazi Peke Yake

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na leo hatukuandikii kwa machozi. Tuna habari, na tumeshindwa kuingoja siku ya khitma ya kukuombea.

Wanaokujua wanajua: Fundi Muhiddin Simai wa Mkunazini, mshona kanzu, hukuwahi kumpokea mgeni ukiwa umekaa. Hata uzi ukiwa mdomoni, ulisimama. Na kila mteja ulimwambia kanzu yake tayari kesho. Kesho yako tuliizoea.

Ini lako liliposinyaa kwa homa ya ini ya miaka mingi, ukaanza kuhema. Sisi tukakushindilia mito mgongoni, maana mtu anayehema hukalishwa, ndivyo tulivyolelewa. Wageni wakija ndipo tulipozidi kukuinua, kwa kuilinda heshima yako. Ukateleza chini, tukakugombeza.

"Nilazeni, wanangu. Nikikaa, pumzi zankimbia," ulisema. Tukadhani ni ukaidi. Daktari alitueleza tukiwa tumeshachelewa: ini likiharibika, mishipa midogo ya damu mapafuni huweza kutanuka, damu ikapita bila kubeba hewa ya kutosha, na mgonjwa akikaa ndipo hali hiyo inapozidi, akilala hupungua. Tusamehe, Baba.

Sasa sikiliza. Baada ya arobaini yako, mwanao Thuwaiba alimkuta Talib, mwenzio wa kushona barazani, ambaye naye ini lake bovu, amejilaza mkekani mchana kweupe. Watu walikuwa wakimtania kwa uvivu. Thuwaiba akamuuliza, "Ami Talib, ukilala wapata nafuu?"

Akakubali. Siku ile ile Thuwaiba akampeleka hospitali, akamsimulia daktari kisa chako chote, mito na yote. Vipimo vikaonyesha ni maradhi yale yale, ila mapema. Talib akasafirishwa India, na nduguye Shaame akamgawia kipande cha ini lake.

Alhamisi amerudi! Amepanda ngazi zetu zote bila kushikwa mkono, anatweta kidogo tu, anacheka. Tulikuwa tumekaa tunakula. Hakuna aliyetuambia, lakini sote tulisimama, hata Mama na goti lake. Talib akaganda mlangoni, kisha akasema, "Leo Fundi kanipokea."

Tunakukumbuka mkeo Bi Sichana, wanao Thuwaiba, Ubwa na Bashira, wajukuu zako, na Talib, aliyeomba jina lake liwemo. Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba. Madhali tunapumua, hatutakusahau.