Siku Damu Yangu Ilipokataliwa

Mjukuu wangu, mume wangu Idrisa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sie hapa Temeke wazima. Mama yako alikohoa wiki nzima, ila leo kaamka anaimba. Unakula lakini huko?

Unaniuliza kama najua hizo kingamwili unazosomea. Mie shule sina, ila niliwahi kuziona zikifanya kazi. Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa mjini, mama yako angali mdogo, homa ilimmaliza damu, tukamkimbiza hospitali. Nikasema chukueni yangu. Kijana wa maabara akaidondosha kwenye kigae cheupe, akachanganya na maji ya damu ya mama yako, akawa anakitikisa taratibu kama anabembeleza mtoto. Mara nikaona chembe nyekundu zinakumbatiana. Nikapiga kigelegele. "Zimeshikana!"

"Mama, zikishikana ndiyo zimekataana," akasema. "Kingamwili za mtoto zimeikamata damu yako, zinaiona ngeni."

Ngeni! Mie niliyembeba tumboni!

Pale alikuwepo mke mwenzangu Zuhura, ambaye siku zote nilisema damu zetu haziendani. Akapandisha mkono wa baibui. "Hebu jaribu yangu, huyu atatujazia watu na vigelegele vyake."

Damu yake ikatulia kwenye kigae, laini, kama hariri iliyotandikwa. Niliitazama hadi nikasahau nilipo. Wakamtia mama yako damu hiyo.

Kesho yake akafumbua macho, akaomba uji. Bakuli nilikuwa nalo mie. Nikampa Zuhura amnyweshe.

Bibi yako anayekuwaza,
Mwanahawa