Simu Haina Kigoda

Kwako Baba Gaudensia,

Nakusalimu wewe kwanza. Mgongo unaendeleaje, bado unakubana ukiinama kuchimba mashimo ya ngolo shambani? Mama mkwe mpelekee shikamoo yangu mpaka kitandani, mwambie nimeota tunapukuchua mahindi pamoja. Gaudensia binti yetu hajambo? Tumbo lake limefika mwezi wa ngapi? Kitinda mimba Hilda jino limeota? Mdogo wako Otmari na mkewe nawasalimu, na katekista anayeniombea, na majirani wote wa Mkumbi, asinung'unike hata mmoja kwamba nimemruka.

Mimi nipo hapa Dar kwa mdogo wangu Kolumba, napumua, nakula kidogo. Ile barua yangu iliyopita, niliyosema Shemeji Otmari aje anichukue nifie nyumbani, naomba uichane. Ngoja nikueleze, maana nimeona jambo ambalo nikilifikiri nywele zingenisimama, kama ningekuwa nazo.

Dozi ya tatu ya dawa ya saratani ilinikalia vibaya. Mdomo wote vidonda, hata maji yanachoma. Kolumba akikaanga samaki nakimbilia nje kutapika, mimi niliyezaliwa ufukweni Nyasa! Nikaona heri udongo wa kwetu, ndipo nikaandika.

Sasa pale hospitali yupo nesi anaitwa Tunu. Kazi yake ni kuwapigia simu wagonjwa waliorudi majumbani baada ya dozi. Hakuoni, hakugusi, anakuuliza tu. Kwetu anapiga simu ya mkononi ya Kolumba. Alhamisi mchana akapiga.

"Shikamoo mama. Habari za tangu juzi?"

"Marahaba mwanangu, nzuri."

"Umelalaje?"

"Salama."

"Chakula kinapita?"

"Kinapita, tunamshukuru Mungu."

Baba Gaudensia, nilikuwa ndani ya mablanketi mawili natetemeka! Lakini unajua kwetu: mgeni husalimiwa kwa wema, hupewa kigoda, akishakaa ndipo anaambiwa ya nyumbani. Mimi nikawa namngoja akae. Yeye akasema haya mama, ugua pole, akakata.

Kolumba ananiuliza, "Umemwambia homa?"

"Hatujafika huko, alikuwa bado anasalimia."

"Dada wewe! Utakufa na adabu zako! Simu ina kigoda?"

Hajamaliza kunigombeza, simu ikalia tena. Ni yule yule nesi.

"Mama, meno yako yalikuwa yanagongana kwa nini?"

"Baridi tu, mwanangu."

"Baridi? Dar es Salaam, saa nane mchana?"

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Mama, mimi sikuja kutembea. Niambie ubaya kwanza, tutasalimiana baadaye."

Nikalia, nikamwambia yote. Nikasema lakini ni malaria tu, panadol ninazo hapa mkononi.

"Usimeze! Joto litashuka, ugonjwa utabaki umejificha. Dawa tuliyokupa imewapunguza askari wa mwili wako, homa kwako si homa ya kungoja. Njooni sasa hivi, nitakuwa getini."

Tukaenda. Nikatundikiwa dripu na dawa za mshipa, nikalala wodini siku tatu. Daktari alisema ningengoja mpaka asubuhi wasingenikuta. Na pale getini kweli alisimama, kasichana kembamba, Gaudensia wetu ni mkubwa kwake. Nikamuuliza, "Ndiye wewe uliyesikia meno yangu?" Akacheka, akapiga goti kidogo, "Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Mume wangu, nimeshangaa mpaka leo. Waganga wote niliowajua wanakutazama machoni, wanakushika mkono. Huyu alikuwa mbali, kuna magari na kelele za mji mzima katikati yetu, akasikia nilichomficha. Na si mimi peke yangu, ana daftari la wagonjwa na kila mmoja anamjua. Anajua kidonda changu kipo shavu gani. Kanifundisha kusukutua kwa maji ya chumvi, kuuacha uji upoe, kudonoa kidogo kidogo kama kuku. Nikawaza, ikiwa binadamu anasikia namna hii, Mungu je? Basi katekista hajatudanganya.

Zimebaki dozi tatu. Naziogopa, sikufichi. Lakini nataka kuzimaliza, nimshike mjukuu wangu nikiwa na nguvu. Gaudensia akijifungua kabla sijarudi, shangazi yake ambebe mtoto kwa niaba yangu.

Kinachoninyima raha ni Shemeji. Unamjua, ukimwambia kachukue, atachukua, hata nikimlilia. Akija atanipakia kwenye basi na dozi zitakatika. Kama ameshafunga mzigo, mkimbilie kituoni Kitai kabla hajapanda gari. Barua hii nampa utingo wa basi la huko. Gaudensia akishakusomea, usingoje Jumapili, nenda Mbinga mjini ukapige simu kwa Kolumba. Hata usiseme mengi. Sema tu, "Otmari amebaki." Nakaa karibu na simu.

Ni mimi mkeo,
Mama Gaudensia